Shajara ya Mradi wa Kihispania, Ngazi ya Tatu: Kusimulia Maisha ya Freddy Ilanga

Agosti, wiki ya mwisho

Mradi huu ni wa somo la Kihispania, ngazi ya tatu, katika shule ya sekondari ninayosoma hapa Louisville, jimbo la Kentucky, na utachukua mwaka mzima wa masomo. Mwalimu amemtaka kila mwanafunzi achague mtu au tukio la kweli linaloiunganisha nchi ya wazazi wake na nchi mojawapo inayozungumza Kihispania, aandike masimulizi marefu kwa wakati uliopita, kisha ayasimulie mbele ya wenzake bila kusoma karatasi na kujibu maswali yao papo hapo. Ngazi ya tatu ndiyo inayohesabiwa kuwa ngazi ya kati: mwanafunzi anaweza kutunga sentensi zake mwenyewe, kuuliza na kujibu, kununua kitu dukani, kueleza habari za familia yake. Hata hivyo, kusimulia jambo lililopita kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila nyakati za vitenzi kuyumba, ndicho kizingiti kinachoitenganisha ngazi ya kati na ngazi ya juu. Mradi umewekwa pale pale penye ugumu, na naona mwalimu amefanya vizuri.

Wazazi wangu wanatoka Fizi, Kivu Kusini, na mimi nimezaliwa na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Nimemchagua Freddy Ilanga. Mwezi Aprili 1965, Ernesto Che Guevara, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Kuba, alivuka Ziwa Tanganyika kwa siri kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi, akiwa na kundi la kwanza la Wakuba waliokuja kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo iliyokuwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Ili wasitambulike, Wakuba hao walipewa majina ya Kiswahili kwa kufuata hesabu: Víctor Dreke, aliyetangulizwa kama kiongozi wao, aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Ilanga, kijana wa Kikongo mwenye umri wa miaka 16, alipewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili. Wakuba walipoondoka mwezi Novemba mwaka huohuo, maisha ya kijana huyo yalichukua njia ambayo hakuna aliyeitazamia: alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akasomea udaktari, akawa bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa watoto, akapoteana na jamaa zake kwa miaka mingi, na akafariki mwaka 2005.

Kinachonivuta kwake si vita. Ni kwamba alikuwa msemaji wa Kiswahili kutoka nyumbani kwetu, aliyekutana na Kihispania katika umri kama wangu, akakimudu kiasi cha kupasua vichwa vya watoto wa watu kwa lugha hiyo. Nataka habari zake zisimuliwe katika darasa letu kwa Kihispania kinachomstahili.

Mradi wangu una lengo la pili, nililoliongeza mwenyewe kwa idhini ya mwalimu. Darasani sarufi ya Kihispania huelezwa kwa Kiingereza, na mara nyingi maelezo hayo huanza na maneno kwamba jambo fulani ni gumu kwa sababu "sisi" hatuna kitu kama hicho. Mimi nimeanza kushuku kwamba mengi kati ya hayo tunayo. Nitaandika daftari la sarufi ya Kihispania kwa Kiswahili, nione msemaji wa Kiswahili anaweza kupita njia gani bila kuzunguka kupitia Kiingereza, na wapi njia hiyo inakatika.

Septemba

Tumeanza na matamshi. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa wazi kama zetu, hazibadiliki kwa kusogea mahali katika neno. Wenzangu wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni wanahangaika kuzuia irabu zisilegee mwishoni mwa neno, ilhali mimi na mwenzangu anayetoka Burundi tumesoma ukurasa mzima mara ya kwanza na mwalimu hakuwa na la kurekebisha isipokuwa shadda.

Shadda ndiyo yenye kazi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na vighairi ni vichache, kama vile *barabara* ya kupita magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa, ambazo hutofautishwa na mahali pa mkazo tu. Maneno mengi ya Kihispania yanayoishia kwa irabu, kwa *n* au kwa *s* hufuata desturi hiyohiyo, na yasiyoifuata huwekewa alama. Hatari yake ni kwamba mazoea yetu yanatuvuta kuuweka mkazo pale tulipozoea hata palipo na alama, na katika vitenzi alama hiyo hubeba wakati na nafsi. *Hablo* ni "ninasema", *habló* ni "alisema". *Llego* ni "ninafika", *llegó* ni "alifika". Msimuliaji asiyesikika kwenye silabi ya mwisho hawezi kusimulia maisha ya mtu mwingine, kwa kuwa wasikilizaji watadhani anazungumza habari zake mwenyewe za leo.

Zoezi tulilotunga na mwenzangu ni rahisi na linafaa. Mmoja anasoma kitenzi kimoja kwa sauti, mwingine anajibu kwa Kiswahili "mimi, sasa" au "yeye, jana", bila kuona karatasi. Tunapolifanya katika basi la shule, tunaongeza kelele za wenzetu kuwa sehemu ya mtihani. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa tukitofautisha *trabajo* na *trabajó* hata basi likiwa limejaa.

Oktoba

Daftari limejaa haraka mwezi huu, kwa kuwa tulifika kwenye mambo ambayo Kiswahili kinayo kikamilifu.

Kwanza ni kitenzi *gustar*. Darasani kilielezwa kama kitenzi kinachokwenda kinyumenyume, na wengi walikariri *me gusta* kama fungu moja lisilobadilika, wakaishia kusema *me gusta las naranjas*. Ukikiweka kando ya "kupendeza", hakuna cha kukariri: chungwa linanipendeza, machungwa yananipendeza, *me gusta la naranja, me gustan las naranjas*. Kinachotenda ni chungwa, na kitenzi hulifuata chungwa kwa idadi. Vivyo hivyo *me duele la cabeza*, kichwa kinaniuma, na *me duelen los pies*, miguu inaniuma.

Pili ni mtendwa anayeonyeshwa ndani au kando ya kitenzi. Wenzetu huona ni ziada kusema *le di el libro a mi hermano*, kwa kuwa *le* na *a mi hermano* humtaja mtu mmoja mara mbili. Kwetu hilo ndilo la kawaida: "nilimpa kaka yangu kitabu", na "nilipa kaka yangu kitabu" haisemeki. Tofauti ni kwamba Kihispania hukitanguliza kiwakilishi mbele ya kitenzi kizima, wakati Kiswahili hukipenyeza ndani. Nimeshaandika sentensi ya kwanza ya mradi inayotumia umbo hili: *Ilanga le enseñaba swahili al comandante*, Ilanga alikuwa akimfundisha kamanda Kiswahili. Ule *-m-* wa "akimfundisha" na *le* ya Kihispania zinafanya kazi moja.

Tatu ni upatanisho. Mtu aliyekulia katika "vitabu vyangu vizuri vimepotea" hawezi kutishwa na *mis libros buenos se perdieron*. Ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsi mbili za Kihispania, kwa hiyo mzigo umepungua. Linalohitaji bidii ni kukumbuka kila nomino iko upande gani, na kwamba msemaji mwenyewe anahesabiwa: "nimechoka" haiulizi kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini *estoy cansado* au *estoy cansada* lazima iulize.

Kuhusu *ser* na *estar* nimeandika kurasa mbili tu. "Ni" na "yuko" hutufikisha nusu ya safari: *Ilanga es médico*, Ilanga ni daktari, *Ilanga está en La Habana*, Ilanga yuko Havana. Nusu ya pili, yaani *está enfermo*, *está cansado* na hali nyingine zinazopita, inabidi ijifunzwe peke yake, kwa sababu kwetu mgonjwa pia "ni mgonjwa".

Novemba

Huu ndio mwezi uliobeba mradi. Tumeingia katika *pretérito* na *imperfecto*, nyakati mbili zilizopita ambazo Kihispania hakikuruhusu kuzichanganya, na mwalimu ametuagiza kila mmoja amhoji mtu mzima kuhusu jambo la zamani kisha ageuze maneno yake kuwa Kihispania.

Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekulia katika vijiji vya kando ya ziwa huko Fizi na aliyekuwa mtoto mwaka 1965. Nilimwamkia, nikamweleza kazi ya shule, nikamwomba ruhusa ya kurekodi. Alinijibu, "Mwanangu, hayo mambo hata wajukuu zangu hawajawahi kuniuliza." Akasimulia taratibu, na nimenakili hapa sehemu ninayoifanyia kazi:

"Wale Wakuba walikuja usiku. Walikuwa wanakaa juu, mlimani. Sisi watoto tulikuwa tunawaogopa, halafu tukazoea. Mama akishikwa na homa, tulikuwa tunampeleka kwa daktari wao, na alikuwa hatutozi kitu. Siku moja ndege zikaja, zikapiga, tukakimbilia msituni. Tuliporudi, mbuzi wote walikuwa wamekufa."

Nilipoanza kugeuza maneno haya kuwa Kihispania, niliona kwamba mzee alikuwa ameshanifanyia sehemu kubwa ya kazi ambayo kitabu cha kiada hujaza kurasa nyingi kuieleza. Kila palipo na "walikuwa wanakaa", "tulikuwa tunawaogopa", "tulikuwa tunampeleka", Kihispania kinataka *imperfecto*: *vivían en la montaña, les teníamos miedo, la llevábamos a su médico*. Haya ni mambo yaliyokuwa yakiendelea au yakirudiarudia, na hakuna anayeuliza yaliisha lini. Kila palipo na *-ka-*, Kihispania kinataka *pretérito*: ndege zikaja, zikapiga, tukakimbia, *vinieron los aviones, dispararon, huimos*. Ile *-ka-* inasukuma hadithi mbele hatua kwa hatua, na *pretérito* hufanya hivyo hivyo. Hata *-ki-* ya "Mama akishikwa na homa" ina nafasi yake, kwa kuwa ni kila mara aliposhikwa: *cuando mi mamá tenía fiebre*. Na "walikuwa wamekufa" ni jambo lililokuwa limeshatimia kabla ya jingine, *habían muerto*, umbo ambalo darasa litalifikia baadaye lakini mimi nalihitaji sasa.

Panapobaki pagumu ni *-li-* ikiwa peke yake. "Walikuja usiku" ni tukio moja, *llegaron de noche*. Lakini "nilikaa Nyarugusu" inaweza kwenda kokote. Nikisema nilikaa Nyarugusu miaka kumi, nimeufunga muda, na Kihispania kinasema *viví*. Nikisema nilikaa Nyarugusu wakati baba alipopata kazi, muda uko wazi na kukaa kwangu ni mandhari tu ya jambo lingine, na Kihispania kinasema *vivía*. Kanuni niliyoiandika kwenye daftari ni hii: *-li-* inapoweza kubadilishwa kuwa "-likuwa -ki-" bila maana kuharibika, andika *imperfecto*, inapoweza kubadilishwa kuwa *-ka-* katikati ya hadithi, andika *pretérito*. Niliijaribu kanuni hii katika zoezi la darasa pamoja na mwenzangu wa Burundi, na ilitufikisha kwenye jibu sahihi karibu kote, isipokuwa katika vitenzi vichache ambavyo maana yenyewe hugeuka.

Vitenzi hivyo ni vya muhimu kwa habari za Ilanga. *Sabía* ni "alikuwa anajua", *supo* ni "akapata kujua". *Conocía* ni "alikuwa akimfahamu", *conoció* ni "alikutana naye kwa mara ya kwanza". Wakongo wengi waliokuwa kambini hawakujua mwanzoni yule Tatu ni nani hasa: *no sabían quién era*. Baadaye walipata kujua: *después lo supieron*. Sentensi mbili fupi kama hizo zinabeba siri nzima ya safari ile, na zote zimesimama juu ya kuchagua wakati wa kitenzi.

Mwalimu alisoma ukurasa wa mahojiano, akaomba nimweleze darasani jinsi *-ka-* inavyofanya kazi. Nilichora mstari ubaoni, nikaweka vitenzi vya mzee juu yake, vile vya *-ka-* kama nukta zinazofuatana na vile vya "walikuwa" kama kivuli kirefu chini yake. Wenzangu waliuliza maswali mazuri, na mmoja alitaka kujua mbuzi walikuwa wa nani.

Desemba

Mtihani wa muhula. Vitenzi visivyofuata kanuni katika *pretérito* ilibidi vikaririwe tu: *tuve, estuve, pude, puse, supe, vine, quise, hice, dije, traje*. Vizuri kwamba havibebi alama ya mkazo, na *vine* na *vino* vina shadda pale pale tuliyoizoea. *Fui* ni "nilikwenda" na pia ni "nilikuwa", muktadha huamua. Katika *imperfecto* visivyofuata kanuni ni vitatu tu, *era, iba* na *veía*, na hapo sina cha kuongeza.

Januari

Baada ya likizo tumeanza *subjuntivo*, na kwa maoni yangu hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapoonewa zaidi anapofundishwa kupitia Kiingereza. Somo lilianza kwa tahadhari kwamba hili ni umbo la ajabu, la kueleza mambo yasiyo ya hakika, na kwamba itachukua miaka kulizoea. Kisha zikaandikwa ubaoni sentensi za mfano: *Quiero que vengas. Es necesario que estudie. Te lo digo para que sepas.* Nikazigeuza kimoyomoyo: nataka uje, ni lazima asome, nakwambia ili ujue. Kila kitenzi cha pili katika Kihispania kilikuwa katika *subjuntivo*, na kila kitenzi cha pili katika Kiswahili kilichukua ile *-e* ya mwisho isiyo na wakati, isipokuwa vile vya asili ya Kiarabu kama "kusamehe" na "kujibu" ambavyo havibadilishi irabu. Mtoto wa Kiswahili huzungumza hivyo kabla hajaanza shule.

Amri za kukataza zinaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Kihispania kina amri ya kutenda, *habla*, sema, lakini amri ya kukataza haiwezi kutumia umbo hilo. Lazima ichukue *subjuntivo*: *no hables*. Wenzangu waliiona kama kanuni iliyotoka hewani. Kwetu "sema" haikatazwi kwa "sisema" wala kwa kitu kinachofanana na "sema". Hukatazwa kwa "usiseme", yenye *-e*. *No vayas*, usiende. *No digas*, usiseme. *No tengas miedo*, usiogope. Hata amri fupi zisizofuata kanuni zinakaribiana kwa tabia: tuna "njoo" na "nenda", wao wana *ven* na *ve*, pamoja na *di, haz, pon, sal, sé* na *ten*.

Nimeandika kwa uangalifu pia mahali njia inapokatika, kwa sababu daftari hili halitakuwa na faida likiahidi zaidi ya linachotoa. Kihispania hutumia *subjuntivo* baada ya shaka, *no creo que venga*, ilhali Kiswahili husema "sidhani kama atakuja". Hukitumia kwa jambo la mbele lisilotimia bado, *cuando llegue*, ilhali sisi tuna "atakapofika". Na hukitumia baada ya hisia, *me alegro de que estés aquí*, ilhali sisi husema tu "nafurahi kwamba uko hapa". Kwa hiyo matakwa, ulazima, makusudio na makatazo tunayapata nyumbani. Shaka, wakati ujao na hisia tunajifunza shuleni. Nimeligawa daftari katika sehemu hizo mbili kwa wino wa rangi tofauti.

*Ojalá*, ambayo Kihispania kiliitoa katika maneno ya Kiarabu yenye kumtaja Mungu, nayo huchukua *subjuntivo* daima: *ojalá que llueva*, Mungu ajalie mvua inyeshe. "Ajalie" na "inyeshe", zote mbili zina *-e*.

Februari

Kusoma kunakwenda vizuri kuliko kusikia. Louisville ina jamii kubwa ya Wakuba, na kinachozungumzwa madukani mwao si kile cha rekodi za darasani. Jirani yetu, mama wa makamo aliyetoka Kuba, amekubali tuzungumze jioni anaporudi kazini, na faida ya mazungumzo hayo siwezi kuipima. *S* iliyoko mwisho wa silabi huipunguza hadi kuwa pumzi au kuiacha kabisa: *los amigos* inakuwa *lo amigo*, *más o menos* inakuwa *má o meno*. Basi kwake ni *guagua*. Kwa kuwa *hablas* na *habla* zikikosa *s* zinasikika sawa, Wakuba hupenda kumtaja anayeambiwa waziwazi, tena kabla ya kitenzi hata katika swali: *¿qué tú quieres?* Nilipoelewa sababu hiyo, masikio yalianza kutafuta *tú* badala ya kusubiri *s*, na mazungumzo yakafunguka.

Mada ya mradi ilihitaji busara. Jirani yetu aliondoka kwao kwa sababu anazozijua vizuri kuliko mimi, na jina la Guevara halimpi raha. Nilimweleza kwamba masimulizi yangu ni ya kijana wa Kikongo, si ya kamanda, na kwamba katika vita vile Wakuba walikuwa pande zote mbili, kwa kuwa ndege za serikali ya Kongo zilirushwa pia na marubani Wakuba waliokuwa uhamishoni, waliolipwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Hilo la marubani alikuwa amelisikia kwa watu wa umri wa baba yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo limebadilisha mpangilio wa kazi yangu yote: *¿Y su mamá supo dónde estaba?* Je, mama yake alipata kujua alikokuwa? Alisema *supo*, si *sabía*.

Kuanzia hapo masimulizi yangu hayaanzi tena na mashua zinazovuka ziwa. Yanaanza na familia iliyobaki Kongo bila habari za mtoto wake.

Machi

Rasimu ya kwanza imerudi kutoka kwa mwalimu. Maoni yake makubwa yalihusu sehemu ya vita, ambayo aliona ni ndefu na yenye *pretérito* nyingi mfululizo, kama orodha. Ilikuwa inaeleza shambulio la Juni 1965 dhidi ya ngome ya Bendera, penye kituo cha umeme wa maji, ambako waasi na Wakuba walishindwa na Wakuba wanne wakauawa. Nimeipunguza hadi sentensi mbili na kuweka mbele yake aya ya *imperfecto* inayoeleza siku za kawaida za mwalimu kijana na mwanafunzi wake mtu mzima: walikuwa wakiishi wapi, walikuwa wakizungumza lugha gani kabla Kiswahili hakijatosha, yaani Kifaransa, ambacho Guevara alikifahamu. Aya hiyo imeipa hadithi mahali pa kusimama, na vitenzi vya *pretérito* vinavyofuata sasa vina uzito.

*Por* na *para* bado zinanisumbua. "Kwa" yetu inabeba zote mbili na nyingine zaidi, kwa hiyo Kiswahili hakinisaidii hapa. Ninachofanya ni kuuliza kama ninaweza kusema "kwa ajili ya kufikia" au "ili", na nikiweza naandika *para*. Ikiwa ni "kwa sababu ya", "kupitia" au "badala ya", naandika *por*. *Salió para Cuba*, aliondoka kuelekea Kuba. *Pasó por Kigoma*, alipitia Kigoma.

Mwenzangu wa Burundi amechagua mada yake mwenyewe, lakini ameomba nakala ya daftari, na ameongeza pembeni maumbo ya Kirundi, ambayo pia yana *-e* ya matakwa. Daftari limekuwa bora kwa mkono wake.

Aprili

Nimewasilisha. Sentensi ya kwanza ilikuwa *Una familia del Congo no sabía dónde estaba su hijo*, na ya pili *Tenía dieciséis años cuando le dieron un alumno que se llamaba Tatu*. Nilisimulia bila karatasi, nikishikilia mfululizo wa mzee kichwani: kivuli kirefu kwanza, kisha nukta zinazofuatana. Silabi za mwisho za *llegó, aprendió, estudió, operó* nilizikazia makusudi, na mwalimu ameandika kwenye tathmini yake kwamba nyakati zilisimama imara tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba usimuliaji wa namna hiyo umeshavuka ngazi ya kati, ingawa msamiati wangu bado haujavuka. Nakubaliana naye kuhusu msamiati. Niliulizwa upasuaji wa ubongo ulivyo, na Kihispania changu hakikuwa na maneno ya kutosha kujibu zaidi ya mstari mmoja.

Maswali mengi yalihusu lugha. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama Ilanga aliendelea kuzungumza Kiswahili huko Havana, na akiwa na nani. Ni swali ninalolithamini sana, na linastahili utafiti wake peke yake.

Kazi zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kumrudishia mzee masimulizi yake: nitamsomea kwa Kiswahili kile nilichokisema kwa Kihispania, na nitampa nakala ya rekodi ili wajukuu zake wawe nayo. Ya pili ni ukurasa wa daftari ambao Kiswahili hakiwezi kuujaza. Wakubwa walitaka Ilanga amfundishe Tatu Kiswahili: katika lugha yetu "amfundishe" hubaki vilevile, wawe wanataka leo au walitaka mwaka 1965. Kihispania hakikubali, kitenzi cha kwanza kikiwa kimepita, cha pili lazima kipite nacho, *querían que le enseñara*. Umbo hilo hujengwa kutoka nafsi ya tatu wingi ya *pretérito*, *enseñaron* ikawa *enseñara*, *vinieron* ikawa *viniera*, *supieron* ikawa *supiera*, kwa hiyo orodha niliyoikariri Desemba itatumika tena. Mwalimu amesema tutaianza wiki ya kwanza ya Mei.